Namba Zilizolingana Mno

"Elfu mbili mia nne na kumi na sita," alisoma baba.

Akaiweka karatasi ya mtafiti kando ya daftari la binti yake.

"Na huku pia elfu mbili mia nne na kumi na sita. Hata mapacha hawafanani hivi!"

Watu ukumbini wakanyoosha shingo waone. Wenyeji wa ziwa lile walikuwa wakiwahesabu ndege wahamao tangu enzi za mababu. Watafiti walipokuja, walikubaliana kwamba kila upande uhesabu peke yake, na namba zikutane mbele ya watu tu. Kwa miaka tisa hazikuwahi kulingana.

"Binti yangu, ulimwonyesha?"

"Sikumwonyesha, Baba."

"Leo nilikusudia kujibu posa ya huyu mtafiti, huyu Darubini wenu. Sasa nina mwizi wa hesabu, au nina binti mwongo. Nishike lipi?"

Simu ya binti ikatetemeka mkononi: ujumbe wa mtafiti, aliyeketi upande wa pili.

"Mpenzi, nyamaza nakuomba. Nikikiri nitafukuzwa kazi, na posa itakwenda na maji."

Alimpenda mtu huyu. Lakini daftari lile lilikuwa la bibi yake kabla ya kuwa lake. Akaandika:

"Ukinyamaza, anayefutwa ni mimi."

Alimwona mtafiti akisoma, kisha akisimama.

"Mzee wangu, hana kosa. Nimemwomba anyamaze, amekataa. Daftari lilikuwa wazi mapajani mwake, nikanakili. Nilipaswa kuwatazama ndege; nilikuwa namtazama yeye."

"Basi macho hayana kasoro!" shangazi akadakia. Watu wakaangua kicheko, isipokuwa baba.

Mkuu wa watafiti, mama asiyependa maneno mengi, akachukua kalamu na kuikata namba ya kijana wake.

"Hesabu ya binti inabaki, na jina lake litaandikwa kwenye ripoti. Wewe utarudia kesho alfajiri. Ukikosea tena, funga mizigo."

"Tena akae ng'ambo ya pili," baba akaongeza. "Maji yawe katikati yao!"

Kesho yake wakahesabu, kila mmoja ukingoni kwake, matope yakiwafika magotini. Adhuhuri namba zikasomwa: binti elfu mbili mia tatu na themanini, mtafiti elfu mbili mia tatu na arobaini na moja.

Baba akatoa moja kwa nyingine.

"Mmepishana thelathini na tisa."

"Ndiyo, Mzee," mtafiti akajibu, jasho likimtiririka.

"Ashukuriwe Mungu! Hizi ni namba za watu wawili walioangalia kweli. Waambie wazee wako waje, posa nimeipokea."

Shangazi akapiga vigelegele. Binti akajifuta machozi kwa kiganja chenye matope, uso ukachafuka wote, wala hakujali.

"Asante, Mzee wangu. Asante sana," mtafiti akasema.

"Usinishukuru mimi," baba akasema. "Mshukuru huyu aliyekukatalia kunyamaza."