Pasi Iliyojizima

Asubuhi Dobi alifua na kuanika. Mchana alipiga pasi. Miaka mingi kazi hiyo aliifanya na mumewe. Sasa mume amefariki, na Dobi amebaki na binti yao mdogo katika chumba kile kile chenye harufu ya sabuni.

Baada ya mazishi, mambo ya ajabu yakaanza. Dobi alirudi kutoka uani akijua kwamba rundo la mashati linamsubiri. Akayakuta yamenyooshwa. Yamekunjwa kola juu, mikono nyuma, vile vile alivyokunja marehemu. Pasi ilikuwa imezimwa.

Mwanzoni nywele zilimsimama. Baadaye akazoea, hata akafurahi.

"Ahsante, mume wangu," alinong'ona.

Basi akaacha kuiangalia pasi. Akitoka, alijisemea, "Mwenyewe ataizima."

Alasiri moja alirudi kutoka kupeleka nguo, akakuta moshi unatoka chini ya mlango. Pasi ilikuwa imetoboa shati na kuanza kuunguza meza. Binti alikuwa kitandani, anakohoa. Dobi alichomoa waya, akambeba mtoto mbio hadi kwa jirani yao, muuguzi wa kliniki ya afya ya akili.

Muuguzi alimpima mtoto, akamkuta salama. "Kulikoni, dada?"

"Amenikasirikia," Dobi alisema. "Siku zote pasi huizima yeye."

"Yeye nani?"

"Marehemu."

Binti akaingilia kati. "Ni wewe, mama. Unapiga pasi, unakunja, unazima. Nakuita, huitiki. Unatazama ukuta tu. Mimi naogopa."

Dobi alimtazama binti, kisha muuguzi. Afadhali mzimu kuliko hili. "Basi nimerukwa na akili!"

"Hujarukwa na kitu," alisema muuguzi. "Kazi ukiizoea, mikono huifanya yenyewe, akili ikiwa mbali. Yako iko kwa marehemu. Na jambo ambalo akili haikuliangalia, haiwezi kulihifadhi. Asiyekuwepo na lake halipo!"

"Lakini mkunjo ni wake."

"Umekunja naye miaka mingapi? Umeuchukua."

Dobi akaiangalia mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Huzuni na kukosa usingizi huzidisha kusahau, na leo hata mikono imesahau," muuguzi aliendelea. "Kwa hiyo ukizima pasi, shika waya, useme kwa sauti: 'Nimezima pasi.' Hapo unaiita akili irudi kazini. Na njoo kliniki tuzungumze. Ukianza kupotea njia, au ukisahau watu, usingoje hata kidogo."

Kesho yake Dobi alipiga pasi huku akisema kila alilofanya. Binti alicheka mpaka akashika mbavu. "Nimezima pasi!" mama alisema, na waya mkononi.

Lakini shati moja aliliacha makusudi, limejikunyata mezani. Akatoka uani. Akakaa kidogo, kisha akarudi.

Shati lilikuwa vile vile.

Dobi alikaa chini, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Baba yako amekwenda kweli," alimwambia binti, akamkumbatia.

Alipotulia, aliwasha pasi. Shati lile alilinyoosha mwenyewe, kola juu, mikono nyuma, na hadi leo anaukumbuka kila mkunjo.