Babu wa Rundo la Mawe

Baiskeli sita zilikwenda, alama za tairi zikarudi saba. Ndivyo ilivyoanza, na atakayekwambia ilianza vingine mlete kwangu, maana toka Handeni mpaka Korogwe hakuna anayeijua habari hii kama mimi.

Ilikuwa mwaka ule wa kuhamia vijijini, watu wametolewa porini na kupangwa mistari kando ya barabara kama mahindi. Wageni wakawa wanakuja kutoka Dar es Salaam kuutazama ujamaa. Katibu wa kijiji, Yordani, anawapa baiskeli, na mbele yao anakaa Mwinjuma, mtu mmoja mwembamba, akiendesha baiskeli upepo unabaki nyuma unauliza njia. Anawazungusha: mnara wa Uhuru, mahandaki ya vita ya Mjerumani, na mwisho rundo la mawe njia ya Segera.

Sasa hilo rundo. Wazee wetu wakipita pale waliokota jiwe, wakatupa, wakaenda zao. Hawasalimii wala hawaulizi ni la nani. Lakini Mwinjuma alikuwa na ulimi, bwana, ungeweza kumuuzia nyoka viatu. Siku moja akawaambia wageni, "Hapa amelala babu yangu, Shujaa Sechonge, aliyeua Wajerumani sabini kwa upinde mmoja!" Wageni wakavua kofia. Akaona utamu. Safari iliyofuata akaja na unga na maji kwenye kibuyu, akapiga goti, akamwaga vilevile kama kwenye tambiko. "Babu, pokea. Wageni wako hawa."

Babu yake mwenyewe alikufa kwa homa kambini, kwenye mkonge wa Korogwe. Hata panya hakuua.

Koikai, Mmaasai aliyechunga upande ule, alimwambia wazi. "Mwinjuma, hapo hamna mtu. Ng'ombe wangu hata wawe na kiu vipi, hapo hawapiti. Wewe unaongea na nani?"

"Naongea na maendeleo. Wewe chunga."

Wiki ileile ndipo Mwinjuma alipoziona alama saba. Akahesabu mara tatu. Ile ya saba ilikuwa nyembamba, imenyooka kama uzi, haikukwepa shimo wala jiwe, na ilikwenda mpaka mlangoni kwake ikaishia pale.

Mkewe, Zamda, alikuwa na mimba ya miezi minane. Walishazika watoto wawili. Huyu wa tatu alikuwa akitembea naye kama mtu aliyebeba maji kwenye jani. Kesho yake, saa sita mchana, jua limesimama, yuko uani anapepeta mahindi, akasikia kengele ya baiskeli nyuma yake na sauti ya mzee.

"Mke wangu, chakula bado?"

Kwetu babu ana utani na mke wa mjukuu wake, humwita mke wangu na watu wakacheka. Zamda naye akacheka bila kugeuka. "Utakula na nini, mzee, na meno yenyewe huna?"

Akageuka. Uani hapakuwa na mtu, ila palinuka makapi ya mkonge yaliyooza, harufu nzito ya kukaba koo, na mkonge wa karibu ulikuwa mwendo wa nusu siku.

Toka hapo ikawa kila siku saa sita, kengele kwanza, halafu harufu, halafu kigoda cha jikoni kinalia kama kimekaliwa na mtu mzito, na Zamda anasimama na mwiko mkononi hathubutu kukitazama, mpaka jua lipinduke ndipo anapopata pumzi.

"Mwinjuma," akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, "leo kaniwekea mkono tumboni. Kasema, 'Huyu ni mimi.'"

Wakaenda Magoma kwa Bibi Mwaija, mganga ambaye majini ya Tanga nzima yakisikia jina lake yanabadilisha njia. Hakuchoma ubani. Alisikiliza tu, kisha akamtazama Mwinjuma kama anatazama kidonda.

"Jini halina ukoo, mwanangu. Linakaa njiani, linatupiwa jiwe, linanyamaza. Wewe umelilisha, umeliita babu. Haya, babu anadai nini kwa mjukuu?"

"Jina," Zamda akanong'ona. "Azaliwe tena."

"Basi linalitaka hilo tumbo. Dawa sina mimi, anayo mumeo mdomoni. Aende palepale, mbele ya wageni, aseme: babu yangu hayupo hapa, nilidanganya. Kabla hujajifungua."

"Bibi, watanicheka," Mwinjuma akasema.

"Watakucheka. Halafu?"

Alhamisi wakaja wageni wakubwa, mia mbili kama hawakuwa mia tatu. Alfajiri hiyo Zamda alishikwa na uchungu. Akamkamata mumewe shati. "Kaseme. Nimezika wawili, Mwinjuma. Huyu simtoi kwa mtu."

"Nitasema. Wallahi nitasema."

Akasimama kwenye rundo, jua utosini, na Yordani akamnong'oneza, "Leo ukisema vizuri tunatia saruji na jina la ukoo wenu," na harufu ya mkonge ikapanda kutoka chini ya mawe, na kule nyuma ya wageni wote akaona baiskeli moja imesimama peke yake, haijaegemea kitu, pedeli zinazunguka polepole bila mguu, akafungua mdomo, akaona kofia zote zimevuliwa zinamngoja yeye, yeye mtoto wa mkata mkonge.

"Ndugu zangu, babu yangu..."

Akazitazama tena zile kofia.

"...aliua Wajerumani mia tatu!"

Makofi yale yalisikika mpaka Kwedizinga.

Nyumbani alimkuta mkunga, Mama Hilaria, mlangoni, ananawa mikono. "Hongera, dume. Mama mzima. Na yule mzee wenu mnyamavu kwelikweli, kaingia hata hodi hakupiga."

"Mzee gani?"

"Si babu yenu? Kaja kumwadhinia mtoto. Mie Mkristo, maneno yenu siyajui, ila mbona alinong'ona muda mrefu hivyo? Na sikio la mtoto limepoa kama chuma."

Ndani Zamda alikuwa amelala amegeukia ukutani. "Ulisema?" akauliza. Mwinjuma akarudi kinyumenyume mlangoni. Zamda hakugeuka.

Akatoka mbio mpaka ofisini, akaanguka mbele ya Yordani. "Niliongopa! Hamna shujaa! Pigeni mbiu watu waje wasikie!"

Yordani akamwinua taratibu, akamfuta vumbi. "Ndugu Mwinjuma, furaha ya mtoto imekulevya. Saruji imeshakorogwa. Kalale."

Akawasimamisha watu barabarani mmoja mmoja, akawaapia. Walimpa pole, wakapita.

Jua linazama akarudi, akamchukua mtoto mapajani. Hakuwa analia. Toka azaliwe hakulia. Alimtazama baba yake usoni, ametulia, kama mtu mzima anayekagua shamba lake, halafu ule mdomo mdogo usio na jino ukafunguka.

"Mjukuu wangu, mbona unatetemeka?"

Zamda kule ukutani akaziba masikio. Na Mwinjuma, yule wa maneno mengi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, babu."