Friji Iliyoshika Sabato

Kerosi na mkewe Marcella wanaishi Sori, karibu na ufuo wa Karungu. Nyumba yao hawakuijenga. Waliinunua kwa mwalimu mstaafu aliyehamia Migori mjini. Juu ya bati mwalimu aliwaachia paneli za sola, na ndani akawaachia betri na friji ndogo. Kerosi alipomuuliza namna ya kuzitumia, alijibiwa kwamba jua ni la Mungu, yeye awashe tu.

Basi wakawasha tu.

Marcella anauza omena, dagaa wa ziwani. Huzianika uani juu ya nyavu, kisha huzipeleka sokoni. Kerosi ana duka la vipuri vya baiskeli. Wanaishi na Nyakerario, mama yake Kerosi, ambaye ana ugonjwa wa sukari na hudungwa insulini kila siku. Anayemdunga ni Marcella. Mama anasema mkono wa Kerosi una uoga.

Nesi aliwaeleza vizuri. Dawa ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji. Isipate joto, na isigande. Kwa kweli nyumba hii ilichaguliwa kwa sababu ya friji hiyo.

Familia hii ni Waadventista. Ijumaa jua likizama, Sabato imeingia na kazi zote zimekwisha. Kwa hiyo Ijumaa jioni humo ndani ni mbio. Marcella akitoka sokoni anawasha pampu ijaze tangi la maji. Birika la stima linachemsha maji ya kuoga. Pasi inapita juu ya nguo za kanisa, na suti ya Kerosi lazima ipigwe mara mbili, maana mwenye suti anapenda kuonekana. Jua likizama wanazima vyote isipokuwa friji, wanaimba, wanalala na roho safi.

Jumamosi asubuhi wanakuta friji imezima.

"Hata friji yenu imeshika Sabato," Nyakerario alisema mara ya kwanza, na wote wakacheka.

Ilipotokea tena, hakuna aliyecheka. Marcella aliiweka dawa ndani ya chungu, akakizungushia kitambaa chenye maji. Jumapili aliipeleka kliniki. Nesi aliichukua, akampa nyingine. Alimwambia kuwa dawa iliyoharibiwa na joto inaweza kuonekana nzima kabisa, na isimsaidie mgonjwa.

Jioni hiyo Nyakerario alifunga begi lake.

"Nitaenda Kisii kwa Omanga," alisema. Omanga ni mwanawe mkubwa. "Kule kuna stima ya nguzo. Hapa nawasumbua bure."

"Na kule nani atakudunga, mama?" Marcella aliuliza.

"Omanga atajifunza."

"Omanga akiona damu ya kuku anaketi chini."

Mama alicheka sana, lakini begi lilibaki mlangoni. Marcella aliingia jikoni akalia. Mama yake mzazi alifariki zamani, na huyu ndiye mama aliyebaki naye. Alimpenda, na hakutaka aondoke.

Asubuhi alimwita Bhoke. Bhoke ni jirani yao, mama wa Kikuria kutoka Isebania, na kazi yake ni kufunga sola. Alikagua nyaya, akakagua betri, kisha akatoka nje na kutazama juu.

"Marcella, hao ndege wanafuata nini hapa?"

"Omena yangu."

"Na wakishiba, wanakaa wapi?"

Marcella alitazama. Yangeyange walikuwa wamejipanga juu ya paneli. Paneli zenyewe zilikuwa na madoa meupe kila mahali.

"Mimi nilidhani ni rangi yake," alisema Kerosi.

"Hayo ni mavi ya ndege, baba. Yanazibia jua. Sasa niambieni, Ijumaa huwa mnafanya nini?"

Walimweleza yote: pampu, birika, pasi, na suti. Bhoke alisikiliza akitabasamu.

"Betri ni kama hilo tangi lenu la maji," alisema. "Mchana paneli zinalijaza. Jioni jua limechoka, haliongezi kitu. Na nyinyi ndiyo saa hiyo mnafungua mabomba yote. Friji inaamka usiku, inakuta tangi tupu. Pasi, birika na pampu zinakula stima nyingi sana. Tumieni jua likiwa juu, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Usiku muachie betri kazi ya friji na taa peke yake."

"Lakini mchana mimi niko sokoni," Marcella alisema. "Kerosi yuko dukani."

"Mimi niko hapa," Nyakerario alisema kutoka mlangoni. "Mchana wote naangalia kuku tu. Na nguo za Kerosi nimezipiga pasi tangu akivaa kaptula."

Wiki hiyo walifanya walivyoelekezwa. Marcella alihamisha nyavu za omena mbali na nyumba. Asubuhi mapema, paneli zikiwa bado baridi, Kerosi aliziosha akiwa amesimama chini, kwa maji safi na kitambaa laini alichokifunga kwenye ncha ya ufito mrefu. Bhoke alikuwa amemkataza mchanga na sabuni ya unga, maana vinakwaruza kioo. Ijumaa mchana Nyakerario aliwasha pampu. Ilipomaliza kazi akaizima, ndipo akashika pasi. Maji ya kuoga yalichemshwa kwenye jiko la makaa. Marcella aliporudi jioni hakuna aliyekuwa akikimbia.

Jumamosi alfajiri Marcella aliamka na wasiwasi, akaenda jikoni. Alimkuta Nyakerario ameshafika, mkono wake umo ndani ya friji. Taa ya betri iliyoko ukutani ilikuwa ya kijani, stima bado ipo.

"Baridi," mama alisema. "Leo haikushika Sabato."

"Tutaishtaki kwa mchungaji?"

"Iache. Inatunza mgonjwa. Hiyo kazi hata Sabato inaruhusiwa."

Jumapili Marcella aliona begi halipo mlangoni, akakimbilia chumbani kwa mama. Alilikuta limetundikwa kwenye msumari. Alilifungua. Ndani mlikuwa na pasi, imefungwa vizuri kwa leso, kwa sababu mama hakutaka mtu mwingine aiguse.