Nyuzi Zilizolegezwa

Karani wa kamati ya tamasha alimwandikia Fundi namba kumi na saba kwenye kipande cha kadi, akamwandikia na mwanamke aliyekuwa nyuma yake kumi na saba hiyohiyo, kisha akafunga daftari akaenda kunywa chai. Ilikuwa saa nne asubuhi. Wasanii karibu themanini walikuwa wamejipanga kuuzunguka ukumbi wa mji, wapiga ngoma wamekalia ngoma zao, wanakwaya wamevua viatu wanajipepea na karatasi za nyimbo. Kivuli kilikuwepo, lakini kilikuwa upande wa pili, na kilikaliwa na gari la mwenyekiti.

"Baba, hiyo kumi na saba yako mbona ni yangu?" mwanamke aliuliza, akichungulia begani kwake.

"Yangu imeandikwa kwanza, bibie."

"Basi yako imeshachacha. Yangu wino bado mbichi."

Fundi aligeuka amjibu, akajikuta anamtazama. Alikuwa mwanamke wa makamo, gauni la kijani limemkaa kana kwamba lilishonwa yeye akiwa ndani, na uzi mweupe unamning'inia kwenye nywele bila mwenyewe kujua. Alisema kazi yake ni kushona sare za shule, na kwamba akianza kusimama juani saa hizi ataimba kama mbuzi.

Karani aliporudi, midomo inang'aa mafuta, aliambiwa kosa lake. Hakutaka kufuta. Kufuta kungechafua daftari, na daftari lilikuwa la kuonyeshwa wakubwa. Akawaambia waimbe pamoja, kwani wao si watu wazima? Ndilo jambo pekee jema ambalo ofisi ile ilipata kumfanyia Fundi, na ililifanya kwa uvivu.

Fundi huyu alikuwa mtengeneza redio, mwenye kibanda chembamba nyuma ya soko. Mkewe alikuwa amefariki miaka minne kabla ya siku ile, katika zahanati iliyozinduliwa kwa utepe na hotuba tatu, yenye vigae vya kung'aa, na isiyo na mtungi hata mmoja wa oksijeni. Tangu hapo gitaa lilikaa juu ya kabati likila vumbi, na mtu yeyote mwenye muhuri mezani Fundi alikuwa hamsalimii. Ni dada yake aliyemsukuma akajiandikishe, maana alisema amechoka kumwona kaka mtu anakula amesimama.

Basi wakaimba pamoja. Hawakushinda kitu, lakini watu walinyamaza kuwasikiliza, na hilo kwenye matamasha ya miji midogo si haba. Baada ya hapo Mshonaji akawa hafungi cherehani jioni bila kupitia kibandani. Walifanya mazoezi katikati ya redio zilizopasuliwa matumbo, yeye kwenye kigoda, Fundi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mchana walipigiana simu.

"Umekula, mwenzangu?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chai."

"Hiyo umekunywa. Kaa hapohapo, nakuja."

Na kweli alikuwa akija na kibakuli kimefungwa kwa kitambaa kilichobaki kwenye sare ya mtoto wa mtu, akamsimamia mpaka amalize, huku akimsema kwamba mwanamume mzima anakonda kama waya zake. Fundi akawa anakula amekaa. Dada yake akaanza kuulizia harusi ni lini.

Ilipofika miezi ya mvua Fundi akaanza kusikia jambo. Kwenye kibwagizo, pale wimbo unapopanda juu, sauti ya mwanamke yule ilikwaruza, kama redio iliyosogea kidogo kutoka kwenye stesheni. Hakushangaa. Miaka ishirini na saba kwenye chumba cha kushonea kisicho na dirisha, vumbi la vitambaa likielea, na mwenye mali kila mwaka anaahidi dirisha. Koo lingetoka wapi salama?

Jioni moja, kabla Mshonaji hajafika, alilegeza nyuzi zote sita za gitaa, kidogo tu. Vidole vyake viliendelea kukaa palepale pa siku zote, kwa hiyo mtazamaji asingeona tofauti. Ila wimbo wote ulishuka, na pale pa juu pakawa si juu tena. Mvua zilipokaribia kwisha alilegeza zaidi, gitaa likawa limeshuka sauti nzima, kama kutoka re hadi do. Alifanya hivyo kila jioni, kama mwanamume mwingine anavyomvutia shuka mkewe aliyelala. Akajiahidi kwamba tamasha la mwaka huu likiisha, atamposa.

Lakini kamati haikosi la kufanya. Siku mbili kabla ya tamasha, wasanii walipopangwa tena foleni kwa majaribio ya sauti, walitangaziwa kwamba mwaka huu kila atakayepanda jukwaani atasindikizwa na kinanda, ili muziki uwe wa kisasa. Kinanda kilikuwa cha mpwa wa mwenyekiti. Mpigaji alikuwa mpwa wa mwenyekiti. Hakuna aliyeulizwa.

Zamu yao ilipofika, mpwa aliuliza wanapigia ufunguo gani. Mshonaji akajibu G, maana ndivyo walivyozoea kusema, na ndivyo vidole vya Fundi vilivyokaa. Kinanda kikaingia, gitaa likaingia, na vitu viwili vile vikagongana mbele za watu.

"Mzee," mpwa alisema kwenye kipaza sauti, "gitaa lako liko chini. Sauti nzima. Hulisikii?"

Foleni nzima ikageuza shingo. Mtu akacheka, wa pili akamsaidia. Jasho lilimtoka Fundi kwenye makwapa mpaka likaonekana kwenye koti. Akasema ni jua, nyuzi zimelegezwa na jua. Akazikaza upesi upesi, moja baada ya nyingine, bila kumtazama mwenzake. Wakaanza upya. Ubeti wa kwanza ulipita. Kwenye kibwagizo Mshonaji alipanda, akafika pale, na sauti ikakatika. Haikukwaruza, ilikatika, naye akabaki mdomo wazi na kipaza sauti mkononi. Watu wawili watatu wakapiga makofi ya huruma, ambayo ni mabaya kuliko kuzomewa.

Alikirudisha kipaza sauti, akakusanya gauni lake, akashuka ngazi. Njia ya kutokea ilikuwa moja tu, nayo ilipita pembeni ya foleni yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Jioni Fundi alimpigia simu mara sita. Ya saba ikapokelewa.

"Nisamehe, laazizi. Sikupaswa kushusha bila kukwambia."

"Kumbe hata kosa lako hulijui."

"Kosa langu ni kushusha."

"Fundi, mimi nimeimba miaka thelathini. Unadhani mtu hajui koo lake linaishia wapi? Siku ya kwanza ulipolegeza nilijua kabla ubeti haujaisha. Nilifika nyumbani nikalia kwa furaha. Nikasema, nimepata mtu anayenisikiliza."

"Sasa kama ulijua—"

"Sasa kalale," akasema, akakata.

Hakulielewa lile neno la kosa mpaka kesho yake asubuhi, akiwa ameinamia redio ya mteja na chuma cha kulehemu mkononi. Kosa halikuwa kushusha. Kosa lilikuwa kupandisha. Alikimbia kuchekwa na mtoto wa watu, akazivuta nyuzi mpaka mahali ambapo alijua fika kwamba mwanamke yule hana pumzi ya kufika, akamwacha aende peke yake. Kusudi yeye abaki msafi. Miaka mitano alikuwa anawalaani wenye mikasi na utepe kwa kujali sura zao kuliko kifua cha mgonjwa; na yeye, siku yake ilipokuja, alijali nini? Aliweka chini kile chuma. Mteja alipofika kuulizia redio yake, alimkuta Fundi anaitazama tu, hajagusa kitu.

Siku ya tamasha alijipanga peke yake, koti lilelile, gitaa mgongoni. Mgeni rasmi alikuwa hajafika, na bila yeye hakuna kuanza. Jua lilipanda. Saa saba na kitu akamwona Mshonaji anakuja, hakuvaa gauni la tamasha. Alikuwa na vazi la kazini lenye mabaki ya nyuzi, utepe wa kupimia umemzunguka shingo. Hakuja kujipanga. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya karani, akamwambia afute jina lake.

Fundi alitoka kwenye foleni. Waliokuwa nyuma walimwonya kwamba akitoka nafasi imekwenda, naye akaenda hivyohivyo. Alipofika mezani, mpwa wa mwenyekiti alikuwepo, na foleni yote ilikuwa imetega masikio, kwa kuwa tangu asubuhi haikuwa na kingine cha kusikiliza.

"Karani, kabla hujafuta," alisema. "Juzi nilisema nyuzi zimelegezwa na jua. Ni uongo. Nilizilegeza mimi, kwa sababu sisi tunaimba hapo chini, na tunaimba vizuri. Kisha nikazikaza mimi, kwa kuogopa kuchekwa. Huyu mama hakuvunjika sauti. Nilimvunja mimi."

Karani aliinua kalamu, akauliza kwa hiyo afute au asifute.

"Kwani kushusha ni siri?" mwalimu wa kwaya alisema kutoka kwenye foleni. "Kwaya yangu nimeishusha tangu mwaka juzi. Sauti za juu wote wamezeeka, hata magoti ni mabovu." Watu wakacheka, safari hii bila ubaya, na mpiga tarumbeta mmoja mzee akakiri kwamba yeye meno ya mbele yakitoka tu atahamia kwenye ngoma.

Mshonaji hakucheka. Alimtazama Fundi kama anayekagua mshono.

"Kaa chini," akasema. "Legeza."

Fundi akaketi ukingoni mwa baraza. Mshonaji akatoa sauti, polepole, mdomo nusu umefumbwa, naye akawa anazungusha vishikio vya nyuzi akimfuata.

"Bado," akasema mwanamke.

Akazungusha.

"Bado."

Wakapita pale alipokuwa amezoea kuishia, wakaendelea kushuka. Fundi akainua macho. "Huko chini kote?"

"Huko kote. Mwaka mzima nilikuwa najikaza ili usijue. Hapo. Acha hapo. Sote tumechoka, baba, tusidanganyane."

Mgeni rasmi alifika saa tisa. Alihutubia, kisha aliyemleta akahutubia, kisha mwenyekiti akamshukuru aliyehutubia. Saa kumi na moja jioni karani alitoka nje akasoma kwenye karatasi kwamba kutokana na ufinyu wa muda kamati imeishia namba kumi na mbili, na wengine watafikiriwa mwakani. Alisoma bila kuinua uso, akarudi ndani.

Hakuna aliyepiga kelele. Vikundi vyote vilivyobaki vilisimama palepale ukutani, na uchovu wa siku nzima ukawashukia kwa pamoja. Fundi alihisi hasira ikimpanda, ile ya zamani, yenye ladha ya dawa ya zahanati, akaanza kuelekea mlangoni.

"Utamwambia nini?" Mshonaji aliuliza. "Njoo upige."

Akapiga. Mshonaji akaimba amesimama ukutani na vazi lake la kazini, bila kipaza sauti, bila kinanda. Foleni ikapinda, ncha zake mbili zikakutana, ikawa duara. Ndani walikuwa wanapiga makofi kwa ajili ya hotuba nyingine. Kibwagizo kilipofika alifumba macho, akapita pale pagumu kama mtu anayepita sebuleni kwake, na aliporudia, mwalimu wa kwaya akaitikia chini, kisha wenzake wote.

Walipomaliza waliketi kwenye baraza huku wengine wakikusanya vyombo vyao. Mshonaji alivua viatu. Fundi akapiga moyo konde.

"Jumapili nije kwa kaka yako?"

"Kufanya nini?"

"Kukuomba."

Alisugua unyayo. "Kaka yangu ni mgumu. Atakuweka nje."

"Nimeshazoea kusimama."

Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi, na Fundi akamshika mgongo mpaka kikapita.

"Njoo asubuhi basi," akasema, akiegemea bega lake. "Kabla sijachoka."