Mfunguo Tano na Ncha ya Kusini

Mzamil alikuwa amepiga magoti nyuma ya jokofu la soda, katika duka la leso pale Biashara Street, akiiachia gesi itoke mrijani, buibui jeusi liliposimama kando yake na harufu ya asumini ikafunika ile ya mafuta.

"Fundi, gesi hiyo waipeleka wapi?"

"Hewani, bibie. Kwani ina kwao?"

"Inako. Ncha ya kusini, juu kabisa, ikaile ozoni inayotukinga na jua."

Mzamil alicheka akidhani anachezewa. Hakuchezewa. Khairiya, binti wa mtaa wa Kuze, alikuwa likizoni kutoka chuo kikuu cha Uingereza, na kazi yake ilikuwa kusoma vipimo vya setilaiti iliyopima gesi hizo juu ya barafu. Ilipofika Ijumaa, Mzamil alikuwa na nambari ya simu ya kwao. Kabla ya Julai kwisha, posa ilikuwa imekubaliwa na pete imepelekwa Kuze.

Ikabaki siku ya harusi. Khairiya alieleza kwamba katikati ya Agosti setilaiti itageukia kusini, kwa mwezi mmoja tu, jua likirudi huko baada ya giza refu. Lazima awepo kazini Uingereza. Basi waoane mwanzo wa Agosti.

Lakini Agosti hiyo iliangukia Mfunguo Tano, mwezi wa Safar, na wazee hawaozi katika Safar, una nuksi. Mzamil akaenda kwa ami yake, Kamaludin. Mzee alimtazama sana, akasema nuksi yeye anaiogopa, ila harusi si yake. Kijana akitaka, atamsimamia.

Mzamil alitoka na ruhusa, kiburi kikampokonya njiani. Alitaka kwanza ajue kama anapendwa kuliko ozoni. Akapiga simu.

"Wazee wamekataa. Wataka tungoje Safar ipite, tuoane Mfunguo Sita."

"Mpenzi, mwezi huo sitakuwapo."

"Basi chagua."

"Umewaomba kweli?"

"Nimewaomba."

Khairiya akasafiri akilia. Wiki ya pili, ami Kamaludin, asiyejua lolote, alikwenda kwao Kuze kuuliza mbona harusi imekawia, ilhali yeye alikwisha iridhia Safar. Siku ile ile simu ya Uingereza ikalia.

"Ningalikungoja hata miaka, Mzamil."

"Nilitaka kujua tu kama wanipenda."

"Nakupenda hata sasa. Lakini kila utakalonambia nitalipima kwanza, na kazi hiyo ninayo tayari." Sauti yake haikupanda. "Mwambie ami aende kwetu aichukue pete yenu. Asiende kwa aibu, yeye hakukosa."

Khairiya akaweka simu polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.