Odrako Hana Kwao

Jua lilikuwa linazama Ranilda alipochukua ndoo ya ngozi kwenda kumkamua farasi jike. Farasi akakataa. Alirudi nyuma akitetemeka mwili mzima, macho yamemtoka. Ndipo Ranilda aliposikia ile harufu... harufu ya udongo mbichi uliofukuliwa.

"Leo tena?" alinong'ona. Woga ulikuwa umeshamwisha. Alichokuwa nacho sasa ni hasira.

Mumewe Odrako, bwana mkubwa aliyekula na wafalme, alikuwa amezikwa kando ya mto Danubi, na kila jioni alirudi. Hakumgusa mtu. Alisimama tu nje ya hema akisema neno moja: "Niite." Kambi nzima ilijua maana yake. Maiti wa namna hii haondoki mpaka aitwe kwa kabila lake, aambiwe arudi kwao. Sasa Odrako alikuwa kabila gani? Kichwa chake kilikuwa kirefu, kilifungwa vitambaa utotoni ili kirefuke kama cha Mhunni, lakini siku hizi hata Wagothi waliwafunga watoto wao vichwa. Enzi za karamu zake kila upande ulimwita ndugu. Alipokufa, wote wakawa mabubu.

Ranilda alikuwa amemwendea Emneko, mkuu wa Wahunni, akamsihi amlilie Odrako kama Mhunni kwa kujichanja mashavu kwa kisu, maana ndivyo walivyowalilia wakubwa wao.

"Mama, niharibu sura yangu kwa ajili ya Mgothi?" Emneko alicheka. Ni yule yule aliyezoea kumwita Ranilda shemeji kwenye karamu za Odrako, akiwa na mnofu mkononi.

Ranilda akamwendea kaka yake mwenyewe, Trasila, Mgothi kama yeye.

"Dada, yule ni Mhunni. Hata supu alikunywa juu ya farasi! Sisi tunahama leo. Akitokea tena, hatuongozani na mtu anayefuatwa na maiti. Utabaki hapa hapa."

Na sasa ametokea. Kule juu ya ukingo wa mto ng'ombe walikwisha kufungwa kwenye magari ya kukokotwa, na watu wote walikuwa wakimtazama.

"Niite..."

Ranilda akageuka. Tope lilimdondoka mumewe ndevuni.

"Odrako wa Wahunni, rudi kwenu!"

Hakusogea.

"Odrako wa Wagothi, rudi kwenu!"

Tone jingine la tope.

"Mama yako alikuwa nani, wewe mwanamume? Miaka yote nakuuliza, unanichekea tu. Hata kufa umekufa, bado hunijibu?"

Maiti akainamisha kichwa.

"Si... jui."

Kumbe hakuwa akificha kitu! Amebembeleza huku na huku, ametukanwa, ameomba kwa magoti, na mwenyewe hajui! Akaitupa ndoo chini, akalia kwa uchungu.

"Basi huna kwenu! Hukuwa wa mtu yeyote ila mimi! Wewe ni wangu, umesikia? Wangu!"



Hata ng'ombe waliacha kucheua.

Odrako akainua uso. Akatabasamu.

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu azikwe, akapiga hatua. Akaiokota ndoo, akalifunua pazia la hema na kulishikilia, akimngoja mkewe aingie, kama alivyofanya siku zote akiwa hai.

Huko juu mijeledi ikalia. Magurudumu yakaanza kukwaruza.

"Trasila! Kaka! Nisubiri!" Ranilda alipiga yowe.

Wahunni wakashika njia yao, Wagothi wakashika yao. Ranilda alikimbia akalidaka gari la mwisho, lililoendeshwa na Trasila, kwa mikono miwili. Mzee aliyekuwa ndani yake akamuuliza Trasila kwa sauti ya chini, "Huyu si wenu?"

Trasila hakugeuka. "Simjui," alisema, akawachapa ng'ombe.

Vidole vya Ranilda vikateleza, akaanguka kwenye nyasi. Vumbi lilipotulia, uwanda ulikuwa mtupu.

Mkono wa baridi ukamshika begani, taratibu, ukamwinua. Mdomo wenye harufu ya udongo ukamsogelea sikioni.

"Na wewe, mke wangu... nikuite wa wapi?"