Maiti Huhesabiwa Ilipookotwa

Ambulensi ilishuka daraja ikipiga king'ora, na magari yote yakaipisha.

Sindano alikuwa nyuma yake. Pikipiki nyeusi, bastola kiunoni, hasira kooni.

"Uko wapi?" Sauti ya Shangazi ilimjia kwenye kidude cha sikioni. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale idara ya upelelezi. Alikuwa mkuu wao, na jina alipewa kwa jinsi alivyojua kugomba.

"Darajani. Nawaona."

"Geti la kampuni ya ulinzi limetoa ambulensi tatu. Una hakika ni hiyo?"

"Hii ndiyo inayopiga king'ora."

"Ambulensi isipige king'ora ifanye nini?"

"Shangazi, hospitali iko nyuma yake. Mgonjwa gani anakimbizwa kutoka hospitali?"

Akaongeza mwendo.

"Wamezoea kupishwa," Sindano alisema. "Foleni kidogo tu wanaona wanateswa."

Ndani ya gari lile alikuwamo mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, ambaye hata majirani walimwita Takwimu. Watu wa kampuni walimkamata jana, mlangoni pa ofisi yake.

Kosa lake lilikuwa kuuliza.

Miji miwili, daraja moja katikati. Ule wa mlimani ulikodisha ulinzi wake kwa kampuni ya kigeni, na tangu hapo mauaji yakapungua. Katika ule wa bondeni yakapanda, yakapanda tena. Watu wa mlimani wakapata cha kuchekea: ukichoka kuishi, vuka daraja. Mkuu wa kampuni, mgeni aliyejiita Kanali ingawa hakuna jeshi lililomtambua, alizunguka na mchoro wa mistari miwili, mmoja ukishuka na mwingine ukipanda, akiwauliza madiwani wa bondeni wanangoja nini. Mchana huu wangetia saini mkataba naye. Barabara zao, polisi wao na funguo za mahabusu vingekuwa mikononi mwa Kanali.

Takwimu, karani wa hesabu za vifo bondeni, aliuliza mambo mawili tu. Mbona ndugu wanaokuja kuchukua maiti wote wanatoka mlimani? Na mbona pale maiti zinapookotwa hapana damu?

Sheria ilikuwa nyepesi: maiti huhesabiwa ilipookotwa. Kampuni haikuzuia mauaji. Iliyahamisha. Na yalipokuwa machache ya kuhamisha, iliongeza ya kwake.

Redio ya kunasa na kurekodi mawasiliano, iliyofungwa juu ya tangi la pikipiki, ilikwaruza. Kanali huyo, kwa Kiswahili cha kuokoteza.

"Safari hii damu iwepo. Mmalizeni huko huko, chini, kwenye udongo. Si ndani ya gari."

Yu hai, basi. Swali lake mwenyewe ndilo lililomchelewesha kufa. Sindano alitaka kulia na kuua kwa wakati mmoja.

"Umesikia?" Shangazi aliuliza. "Waache wafike. Wakimshusha tuwapige picha, ndipo uingie. Bila hivyo Kanali atasema hawajui."

"Wakimshusha watanipa nafasi gani?"

"Sindano. Hiyo ni amri."

"Nimeisikia."

Kusikia si kutii. Alibadili masafa, akampata sajini wa trafiki wa bondeni, mtu aliyewachukia watu wa mlimani kuliko jino bovu.

"Afande, kuna ambulensi inashuka na king'ora. Isindikizeni."

"Tuipeleke wapi?"

"Ukumbi wa madiwani."

"Kuna mgonjwa ukumbini?"

"Atakuwepo."

Sajini alicheka, cheko la mtu aliyesubiri siku nyingi.

Kwenye mzunguko pikipiki mbili za trafiki zikaingia mbele ya ambulensi, taa zinawaka. Nyingine mbili zikakaa ubavuni. Askari wakapiga saluti. Dereva alitaka kukata kushoto kuelekea machimbo ya kokoto, askari wa kushoto akampungia mkono kwa adabu zote: twende bwana, njia nyeupe. Akizima king'ora, ataulizwa kwa nini. Asipozima, anasindikizwa. Heshima ilikuwa imemkaba koo.

"Kanali, tumezingirwa," dereva alinong'ona redioni. "Wanatusaidia."

"Wanawasaidia nini?"

"Kupita."

"Mpumbavu wewe. Niko mkutanoni."

Lango la ukumbi lilifunguliwa, kisha likafungwa nyuma yao.

Uani palijaa waandishi na kamera. Kanali alisimama ngazini kati ya madiwani, kalamu mkononi, akitabasamu kwa ajili ya picha. Tabasamu lilibaki usoni hata baada ya macho kuona ambulensi yake.

Sindano aliruka kabla pikipiki haijasimama. Ndani ya lango lile amri ya udongo haikuwa na maana tena, na mlinzi aliyekaa nyuma na Takwimu angemmaliza humo humo garini.

Akavuta mlango.

Jitu lilikuwa limemkalia Takwimu kifuani. Kisu juu.

Risasi moja. Bega. Kisu kikaanguka sakafuni.

Dereva alitoka mbio, akaishia kifuani mwa sajini. "Pole na safari," sajini alimwambia, na pingu zikalia.

"Gari limeibwa," Kanali alitangaza kutoka ngazini. "Watu hawa siwajui."

Sindano alichomoa ile redio, akaisogeza kwenye vipaza sauti vya waandishi, akabonyeza kitufe cha kurudia.

*Safari hii damu iwepo.*

Uwanja mzima ulisikia. Madiwani waliokuwa wakigombania kusimama karibu na Kanali wakaanza kusukumana kutoka kwenye picha. Aligeuka kutafuta mlango. Wanawake wawili wenye suti, watu wa Shangazi, walikuwa wameshausimamia.

Takwimu alibanduliwa plasta mdomoni.

"Dada. Wamesaini?"

"Hawajasaini."

Hapo ndipo akalia, kwa sauti, mbele ya kamera zote, na Sindano akamwambia alie tu.

Diwani mmoja akajipendekeza. "Kijana akimbizwe hospitali. Gari si hili hapa?"

"Humo sirudi," Takwimu alisema. "Afadhali nitambae."

Sindano alimvika kofia ngumu, akampakia nyuma yake.

"Nilikuamuru ungoje," Shangazi alisema sikioni.

"Ningengoja, saa hizi ungekuwa unanipa pole."

Sindano alichomoa kidude, akakitia mfukoni, akawasha pikipiki.